Imekubali

Kijiko cha mkandarasi kilikata kebo saa nane mchana,
pale Rau, barabara ikipanuliwa,
na mwendeshaji akashuka kwenye mtambo akaniambia,
"Dada, nilidhani ni mzizi."
Sikumjibu. Kweli inafanana na mzizi:
gamba jeusi, ndani yake nyuzi ishirini na nne
nyembamba kama unywele wa kichanga.

Sasa ni usiku. Shafii ananishikia mwavuli.
Mvua ya mwezi wa tano haina haraka, wala haina adabu.
Buluu, chungwa, kijani, kahawia,
kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi,
njano, zambarau, waridi, samawati:
nilizikariri chuoni kwa kuogopa fimbo ya mtihani,
na hadi leo usingizi ukinigomea huzitaja,
sifiki waridi.

Buluu kwa buluu. Navua koti la uzi, naufuta kwa spiriti,
naukata kwa kisu kisichobahatisha,
naulaza kwenye mashine.
Cheche.
Ncha mbili zinasahau kwamba ziliwahi kuwa mbili.
Upotevu: sifuri nukta sifuri mbili.
Kaka zangu, tangu tumzike baba, hawajaungana hivyo;
wanapimana kihamba kwa kamba, hatua kwa hatua,
mpaka kwenye mgomba wa mwisho.

Mama Ndeshi wakala amekuja, ndara zimejaa tope.
"Mtandao umelala tangu mchana. Nimerudisha wateja kumi na mmoja.
Mmoja alikuwa anatuma ya dawa, Mawenzi."
Watu husema mtandao umelala,
kama vile ng'ombe.
Anayeuamsha amepiga magoti wapi, hawaulizi.

Ishirini na nne zote zimeungwa, na bado giza.
Nafungua kabati.
Trei juu ya trei, kaseti ubavuni mwa kaseti,
kila kipande kina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea.
Umeme ulikatika jioni ukarudi kwa kishindo,
na moduli ya tatu haikuhimili.
Nabonyeza ulimi wake, naivuta,
inachomoka kama jino la utotoni.
Jirani zake hawajashtuka, vijitaa vyao vinapepesa kijani.
Napachika mpya. Ta!
"Aliyebuni hiki," namwambia Shafii,
"alijua kuharibika si aibu. Aibu ni kuharibika wote."
"Hiyo andika kwenye fulana, dada. Mimi mkono umekufa ganzi."

Babu yangu Ndekirwa alilinda mfongo kule Uru.
Maji yaliteremka toka msituni kwa mfereji mmoja,
kila kihamba na siku yake, na saa yake.
Aliyefungua nje ya zamu alitozwa mbege,
na mbege ilinywewa mbele ya macho yake.
Mimi nina kigawanyo, kidogo kama kiberiti:
mwanga mmoja unaingia, nyumba thelathini na mbili zinakunywa,
kwa saa ileile, bila zamu,
kila moja inapata kidogo mno, na kinaitosha.
Babu asingeamini.
Angeuliza: na mwizi je, anatozwa nini?

Inabaki tundu la kumi na saba. Nachungulia kwa hadubini:
punje moja ya vumbi imekaa katikati ya kioo
kama Kibo, haisogei kwa ajili ya mtu.
Nafuta. Nachungulia. Nafuta tena.

Ng'ambo ya barabara, dirishani pa wakala,
Mama Ndeshi anapiga kelele: "Imekubali!"
Kisha kimya, anahesabu salio.
Yule wa dawa hajarudi. Huenda aliomba kwingine,
huenda alikwenda kwa miguu.

Shafii anafunga kabati, anakung'uta mwavuli.
Ile moduli mbovu iko mfukoni mwangu.
Bado ina joto.