Kufuli la Ami Faki

Mara ya kwanza nilinasihiwa kwa kufuli.
Ami Faki alilinunua Limbani, akaomba apunguziwe,
akanifunga mguu kwenye tendegu la kitanda.
"Arosto ni maji kujaa," akasema, "yatakupwa."
Nilitapika hata jina langu.
Siku nne alikaa nje ya mlango, hali, halali,
na mimi nikimwita bwana jela.

Kabla ya hapo lilikuwa kombe:
zafarani kwenye sahani nyeupe,
aya zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikazinywa.
Jioni nikaiuza sahani.

Kisha Unguja, nyumba ya walioacha,
Jang'ombe ndani ndani, godoro kwa godoro.
Walininyoa. Walinivisha kibao shingoni:
MIMI MWIZI WA MAMA YANGU.
Kila asubuhi duara, na duara lilikuwa na meno.
"Sema tena. Kwa sauti. Bado unajidanganya."
Wako tuliopona pale, sitaki kusema uongo.
Mbwana Kheri hakupona.
Tulimkuta nyuma ya skuli, sindano mkononi,
kibao alishavuliwa zamani,
lakini wallahi niliiona alama ya uzi.

Leo nina viti vitatu vya plastiki, hapa Wete.
Nimesomeshwa siku kumi na mbili
kuuliza, na kunyamaza.
Kunyamaza ndiko kugumu.
Wengine nimewavusha Unguja wakafuate kikombe cha methadoni.
Jirani huniambia: huko si kuacha, ni kuhama.
Simjibu. Na mimi nilihama mara ngapi?

Jumatatu kaja Bi Mwanasha wa Jadida na mwanawe Shaame.
Chini ya buibui, mnyororo wa baiskeli.
"Mfunge wewe. Mie mkono haunitii."
Nikauweka mezani, kando ya jagi.
Nikamuuliza kijana: "Unga unakupa nini?"
Mama akaguta, kama nimetukana.
Shaame akatazama dirisha
muda wa kukaanga karanga.
"Usingizi," akasema.
Hatukufika mbali zaidi. Hakuahidi kitu.
Akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

Mnyororo bado uko mezani.
Na kwenye mtoto wa meza liko kufuli la Ami Faki,
alinipa wiki aliyokufa, bila neno.
Siku mteja akinidanganya mara ya tatu,
mkono wangu hulipapasa humo gizani,
halafu huutoa,
nikauliza tena.