Watu Kumi na Tisa, Arua

Kila mji, ufunguo wa chumba umefungwa kwenye gogo la mti
ili msafiri asisahau akaondoka nao.
Mimi nimeshasahau mengi: soksi Masindi,
hereni ya kushoto Lira, na juzi,
mwanangu aliponiuliza kwa simu, Mama uko mji gani,
nikaiziba simu kwa kiganja
nikamwuliza Tumuhairwe.

Tumuhairwe ndiye mpiga ngoma, ndiye dereva,
ndiye mwenye daftari la madeni.
Okiror hupiga besi kama anayemimina uji mzito,
hana haraka, hamwagi nje.
Driciru huniitikia. Kwao ni Arua,
na dada zake waliapa watakuja.

Tangu Karuma tulifukuzana na mvua.
Nyani walikaa kando ya barabara
wakitutazama kama mashabiki waliolipa nusu.
Spika tulizivika turubai, sisi tukalowa;
ndivyo ilivyo, chombo kwanza, mtu baadaye.

Wakauliza mlangoni: muziki wa roho, ndio ule wa kanisani?
Nikawajibu, nusu.
Nusu ni wa jikoni, saa tisa za usiku,
mtu anaposugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Saa tatu. Viti mia mbili vya plastiki,
watu kumi na tisa. Niliwahesabu mara mbili,
nikamtia na askari wa lango watimie ishirini,
Tumuhairwe akasema huyo halipi.
Mvua juu ya mabati ilipiga makofi
kuwashinda wote waliokuwemo.

Kuimbia ukumbi mtupu nakujua: unafumba macho,
unapunguza nyimbo, unalala mapema.
Nilikuwa nimeshafumba.
Ndipo mwanamke mmoja, sare ya uuguzi chini ya koti la mvua,
akaburuta kiti chake. Krrr, sementi ikalia.
Akakileta miguuni pangu, karibu
hata ningeweza kumkanyaga.
Akavua viatu.

Wengine wakaburuta. Viti kumi na tisa vikikwaruza sakafu,
kumbe vina sauti yao; Okiror akaidaka,
akaishusha hadi uzi wa nne,
nami nikaingia kabla sijajua wimbo ni upi.

Sikuimba vizuri. Nasema kweli.
Sauti ilipasuka juu, palepale Kampala wanaponisifia,
na hakuna aliyeinua simu kurekodi,
mikono yao ilikuwa kazini.
Fundi mmoja wa baiskeli, vidole vyeusi kwa grisi,
alijipiga goti nyuma ya mdundo,
kidogo tu, lakini kila mara nyuma,
hata Tumuhairwe akamwonea imani, akamsubiri,
na bendi nzima ikajifunza kuchelewa.
Yule muuguzi hakulia, hakucheza.
Alipumua tu, kwa sauti,
kama mtu aliyeizuia pumzi tangu asubuhi.
Dada zake Driciru walifika wimbo wa mwisho.
Tukaurudia. Tukaurudia tena.
Mapato yalitosha mafuta hadi Pakwach.

Mbarara, Jumamosi iliyofuata, uwanja ulifurika.
Taa za buluu, moshi wa mashine,
jina langu likiitwa na maelfu
kama la mbuzi aliyepotea.
Nguvu ile hukuinua nyayo, siikani;
nilirushwa, nikadakwa, nikarushwa,
jasho likanitia upofu, gauni likafumuka kwapani
nami nikacheka mbele ya watu wote.
Lakini katikati ya kiitikio nilijikuta
nategea sikio, chini ya kelele zile zote,
kiti.

Usiku huo nililifungua daftari nitafute deni la kamba za gitaa.
Tumuhairwe ameandika, kwa wino:
Arua, kumi na tisa, hasara.
Na pembeni, kwa penseli, herufi ndogo
za mtu asiyetaka kusomwa:
goti la fundi. Tusilisahau. Tuchelewe vile.