Mtani Kalala Kaburini

Siku tuliyomzika baba, Nachingwea,
redio ya jirani ilisema mazungumzo ya Kupro
huenda yakaanza tena.
Huenda.
Nilikuwa naandika rambirambi kwenye daftari:
Chama cha Msingi, elfu hamsini.
Bi Nakumbya, jogoo mmoja, mkia hana.
Wagiriki kusini, alisema mtangazaji,
Waturuki kaskazini, na katikati
ukanda ambao Umoja wa Mataifa unaulinda
ili asiuguse mtu.
Wanauita mstari wa kijani.

Nikaacha kuandika.
Na sisi tunao.
Mkonge, miche arobaini na mmoja, niliihesabu,
kati ya mikorosho yangu na ya kaka yangu Chinguile,
tangu baba alipougua akatugawia shamba
kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia kivyake.
Misimu minne ya korosho hatujasemezana.
Salamu tunatumiana kwa watoto,
nao wanazila njiani.

Saa nane jeneza likafika makaburini
na shimo lilikuwa na mtu.
Fidelisi Nyoni, Mngoni wa watu, kalala chali,
shati lake jeupe linakunywa udongo mwekundu.
"Sitoki!
Babu wa Mmwera huyu alitukimbia akaacha chungu jikoni.
Babu yangu akala ugali ungali moto,
lakini mboga hakuikuta.
Nimekuja kudai mboga!"

Katekista alikohoa.
Mama akacheka, kanga mdomoni, machozi yanashuka,
wala hukujua kipi kinamtoka kwa kipi.

Watu wa mbali wangedhani tumerukwa na akili.
Babu zake Nyoni walikuja na mikuki.
Bibi alinisimulia pango karibu na Lukuledi,
watu wamejibanza humo usiku, adui anapita,
na mama mmoja kamziba mwanawe mdomo asilie,
akamziba mno.
Hilo hakuna mtani anayelitania.
Fidelisi analijua. Kila msiba analizunguka
kama mtu anavyozunguka kisima gizani.

Nani aliwapatanisha wale?
Hakuna karatasi, hakuna picha ya kupeana mikono.
Labda njaa iliwachosha pamoja.
Labda binti aliyeolewa ng'ambo alirudi kuzika,
wakamwachia njia,
na mmoja akatupa neno la kipuuzi,
na mwenzake, badala ya kushika panga, akalijibu.
Ilichukua miaka mingapi? Sijui.
Ningewaambia wa Kupro, lakini simjui mtu huko,
na sijui kama dawa ya hapa
inakubali maji ya kule.
Tena wao wamekula zeituni za kisiwa kimoja.
Hao ni kama mimi na Chinguile.
Mngoni alitoka mbali, ndiyo maana anataniwa.
Aliyetoka chumba cha pili utamtania nini?

"Elfu kumi," Fidelisi akasema toka chini.
Chinguile akatoa noti.
"Siitaki ya mkono mmoja. Wafiwa ni wawili.
Ninyi wawili mnanuka mkonge mpaka huku shimoni."

Kimya. Hata wachimbaji waliacha kutafuna.
Chinguile akainyoosha noti pembeni yake
bila kunitazama.
Nikashika ncha ya pili.
Ilikuwa na unyevu wa kiganja chake,
kiganja kilichonifundisha kubangua korosho
nisiungue utomvu.
Sikusema kitu. Naye hakusema.
Mtani akapanda, akajifuta,
akaipokea kwa mikono miwili kama komunyo,
baba akashuka.

Jioni redio ikarudia habari ileile.
Wajumbe, ratiba, masharti ya kabla ya masharti.
Huenda.
Chinguile alikula upande wa wanaume, akaondoka mapema.

Alfajiri nimekuta jembe lake
upande wangu wa mkonge, mpini umelowa umande.
Sijui kama amelisahau.
Nimelisogeza kivulini.
Bado sijalirudisha.