Sikuingia Kwingine

Siku mama alipozamishwa ziwani pale Igombe
mimi ndiye niliyemshikia kitenge kikavu,
kandambili, simu, na meno yake mawili ya bandia
aliyoyafunga kwenye leso.
Mchungaji Lutego aliingia na suti, maji yakamfika mkanda.
Watu wakapiga makofi. Mnandi mmoja akaruka.
Mimi nilikuwa natazama matete.
Kwenye matete wapo konokono wadogo, rangi ya majani ya chai,
na kilichomo ndani yao nakijua, ndiyo kazi yangu:
hadubini, slaidi, daftari la kuhesabia.

Ningeweza kusema. Sikusema.
Mtu wa miaka sitini na tisa anatoka majini analia vile,
utamwanzia wapi habari za minyoo?

Wiki ya tisa akaja maabara na kikopo
amekizungushia gazeti, kama aletaye mayai sokoni.
Akasema: tumbo. Kisha, kwa sauti ya chini: na damu kidogo.
Nikainama kwenye lenzi.
Yai la kwanza, mwiba ubavuni.
La pili, mwiba ubavuni.
Nikafika kumi na manne.
Nikaandika namba kwa kalamu ya bluu.
Sikuandika mama.

Dawa ya kichocho hupimwa kwa kimo.
Nikamsimamisha kwenye ule ubao wa watoto wa shule,
vua kilemba, mama, akavua,
nywele zimebaki chache kuliko nilivyodhani.
Vidonge vinne. Akaviombea kimoja kimoja,
na foleni imefika mlangoni.
Ndipo akaniuliza kwa nini siji kanisani.
Swali la Jumapili, na ilikuwa Jumanne.

Nilitaka kumwambia:
baba yako, mzee Masele, alizaliwa kwenye nyumba ya masamva,
akachinjiwa mbuzi, akapewa jina la marehemu,
na asubuhi moja akaitupa pembe korongoni
akaifuata kengele ya mapadri. Nduguze wakamlilia matanga yu hai.
Nawe ukalelewa na rozari, ukaimba Kilatini usichokijua,
hadi mwaka ule wa Holo, mdogo wangu,
ulipoikata rozari kwa kisu cha samaki
ukaenda kwenye turubai la Mabatini, watu wanakoanguka.
Padri Magina hakukusalimia miaka saba.
Kwetu watu hutoka, mama.
Tumebakiwa na mila hiyo moja.
Mimi nami nimetoka,
ila sikuingia kwingine.

Na huku nje kuna baridi, sitadanganya.
Juu ya chumba changu kule Isamilo
jiwe limekalia jiwe, nalo limekalia jiwe.
Jirani asema ni mkono wa Mungu unaoyashika.
Fundi wa migodi aliyepanga chumba cha pili
asema ni uzito wake tu.
Mimi nalala chini yake.
Radi ikipiga, mdomo huanza wenyewe, Salamu Maria,
nafika umejaa neema, nanyamaza.
Ulimi una kumbukumbu zake,
kama goti lililowahi kuvunjika, mvua inapokaribia.

Hayo yote sikuyasema.
Nilisema: rudi baada ya wiki sita, tupime tena.
Akafunga kilemba, akanishika shavu.
"Unaona? Mungu amekutumia wewe."
"Imenituma serikali, mama,
na mshahara wa mwezi uliopita bado."
Akacheka mpaka meno yale mawili yakacheza.

Mlangoni akageuka.
Jumapili wanabatizwa wengine kumi na saba, palepale. Nitakuja?
Nikasema nitakuja.
Nimeshahesabu vikopo, kumi na saba,
na kitenge cha ziada, kwa atakayesahau chake.