Safu ya Sifuri

Miezi kumi na mmoja niliandika sifuri.
Walioanguka: sifuri.
Dawa iliyokwenda kwa asiye wake: sifuri.
Duara safi, kama sahani ya atapa
baada ya watoto.
Mganga mkuu akabandika karatasi mlangoni:
Wodi ya Sista Amongin, mfano kwa Soroti nzima.

Nami nilijua.
Yule bibi wa kitanda cha tisa
aliteleza usiku akienda haja.
Tulimfuta damu sakafuni,
tukamfuta na daftarini.

Kisha Ikiring, mwanafunzi wa mwaka wa pili,
akaja saa kumi alfajiri, vichupa viwili kiganjani:
maji ya kuchanganyia dawa, na potasiamu.
Kioo kile kile, shingo ile ile.
Umeme ulikuwa umekatika, tochi ya simu ameiuma menoni.
"Sista, nilikwisha kuvuta kwenye sindano.
Mtoto akapiga chafya. Nikasoma tena."

Chafya.
Kati ya Emuron na kaburi ilikaa chafya.

Nilishika kalamu nimwandikie onyo.
Ndivyo nilivyofunzwa: kosa lina shingo,
itafute, ikabe.
Lakini nani aliviweka rafu moja?
Mimi. Jumatatu, kwa mkono huu,
nikivipanga kwa urefu ili rafu ipendeze.

Nikaandika: moja.

Tukanunua utepe mwekundu kwa fundi umeme, shilingi elfu mbili.
Potasiamu ikahamia kabati la chini, lenye kufuli.
Na wengine, walipoona Ikiring bado yupo kazini,
wakaanza kuja, mmoja mmoja,
kama watu wanaorudisha vyombo vya kuazima.

Mwezi ule, kumi na tisa.
Uliofuata, thelathini na moja.
Mganga mkuu akaniita: "Wodi yako inaoza?"
Nikasema, Daktari, homa hailetwi na kipimajoto.
Nikaanza na ile ya mficha maradhi,
sikuimaliza; anaijua.

Hakujibu. Karatasi mlangoni aliing'oa mwenyewe,
gundi ikabaki.

Jana, zamu ilipopoa,
nilifungua ukurasa wa Machi.
Ndani ya sifuri nikasimamisha mstari mmoja,
na pembeni, kwa herufi ndogo:
Aguti, kitanda cha tisa, nyonga.
Sakafu ilikuwa na maji.
Tulijua kuwa ina maji.