Kisanduku Namba Saba

Ofisi yetu ipo Kurasini, nyuma ya bohari.
Dirisha moja linatazama makontena,
lingine limezibwa na majalada ya mwaka juzi.
Mimi nashughulika na visivyofika:
magodoro ya hospitali yaliyolowa Morogoro,
mabati yaliyohesabiwa mia mbili hapa
na mia na tisini na nne Sumbawanga,
friji ya chanjo iliyosafiri kichwa chini
mshale mwekundu ukiwa umeelekea ardhini.

Kila hasara ina fomu. Nakala tatu.
Hati ya mizigo, picha, barua ya mpokeaji,
na ile sahihi. Hapo ndipo madai mengi hufia.
Watu husaini kwanza, hufungua baadaye.
Dereva ana haraka, injini inanguruma,
"Mwalimu, weka jina tu hapo chini,"
na jina likishakaa, mzigo ni mzima
hata kama umepondeka kama kisamvu.

Jumanne likaja jalada la darubini.
Kumi na mbili, za sekondari moja huko Katavi.
Mpokeaji: Mwalimu Kalimanzila, wa baiolojia.
Bwana Mushumbusi, wakala wa msafirishaji,
akanisukumia karatasi kwa kidole kimoja:
"Imepokelewa katika hali nzuri.
Soma mwenyewe, Bi. Zamoyoni."

Nikasoma. Nikaipeleka dirishani.
Pembeni ya sahihi, kwa penseli,
herufi ndogo kama sisimizi:
*kisanduku na. 7 kinalia.*

Akacheka. "Kulia si kuvunjika."
Nikamuuliza, bwana, wewe una watoto?
Kioo kizima, kilichofungwa vizuri, hukaa kimya.

Tulibishana mpaka adhana ya alasiri.
Kati ya siku tisini za kudai, zilibaki mbili.
Muhuri ulikuwa umekauka;
nikaupulizia pumzi, nikagonga,
nikaupulizia tena.

Watalipa. Kwa kilo, kama mkataba usemavyo:
darubini moja, kilo nne na robo,
sawasawa na kilo nne na robo za misumari.

Nimemwandikia Mwalimu barua ya serikali.
*Yahusu: Madai yako. Yamekubaliwa kwa sehemu.*
Kisha chini ya jina langu na cheo changu,
kwa penseli, maana na mimi ninayo:
safari ijayo fungua mbele ya dereva.
Mwache apige honi.