Mlinzi Aliyelala Zamu

Mrija umefika alfajiri, Pécs ikiwa bado na theluji:
kifuniko cha buluu, jina kwa wino, Vadász Etelka.
Uso huvimba, waraka wasema. Hauwashi, hauna vipele.
Dawa za mzio hazikufua dafu.
Tumbo limepasuliwa mara mbili, bure.

Naizungusha damu. Wekundu unatuama chini;
juu yabaki maji ya rangi ya mvinyo mchanga.

C4 imeporomoka,
kuni zinazoteketea usiku na hakuna aliyeonekana akiwasha.
Kisha kizuizi cha C1. Wingi wake: kamili.
Hapa ndipo hospitali ya kwanza iliandika "hana kitu",
ikafunga faili.

Lakini mimi Boglárka, miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki,
najua kuwepo si kufanya kazi.
Mlinzi aweza kutia sahihi daftarini, kuvaa koti la serikali,
akalala chali langoni
wezi wakimruka na magodoro kichwani.

Basi nampima kwa kazi yake.
Namwekea mwizi kisahanini, nangoja.
Mlinzi akiwa macho, maji hubaki meupe.
Dakika ya tatu, manjano.
Ya tano, manjano ya kiini cha yai.
Asilimia kumi na nne.
Narudia. Kumi na tatu.

Bado swali: alizaliwa nayo,
au imemwingia ukubwani, ikitangulia saratani kama mpambe?
C1q ndiyo shahidi. Ingeshuka, ningepiga simu kwa sauti nyingine.
Haikushuka.

Alikuja mwenyewe kuchukua majibu.
Nilimuuliza habari za ukoo, akatazama glavu zangu.
"Mama alifia jikoni, elfu moja mia tisa sabini na nne,
akitoa kokwa za plamu. Koo lilifunga.
Polisi walimshika baba siku tatu, wakamwachia.
Kijiji hakikumwachia.
Hadi anazikwa, watu walikuwa wakimtazama mikono."

Damu ya marehemu sina, nikamwambia. Siwezi kuapa.
Ninachoweza kusema ni hiki hapa, na hurithiwa.

Akasoma kumi na tatu ile kwa kidole,
polepole, kama anayejifunza herufi.
Akaomba nakala mbili.
"Ya pili ni ya shangazi. Yungali hai,
na hakuwahi kumpa baba mkono."

Nikaigonga muhuri. Wino ulikuwa hafifu.
Nikaigonga tena.